Kumeza, Kunywa, Kuelewa: Tahakiki ya Neno 'Grok'

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi la kutafsiri aya moja ya Kiingereza. Aya hiyo tuliitunga wenyewe. Ilimhusu mgeni aliyepewa bilauri ya maji na mwenyeji wake, akayanywa, akamtazama mwenyeji machoni, kisha akamwambia maneno matatu tu: "I grok you." Wanafunzi walio wengi waliandika "Nimekuelewa". Mmoja aliandika "Nimekugroki". Tukacheka kidogo, tukampa nusu ya alama kwa ujasiri wake. Mwingine, binti anayetoka upande wa Ankole, aliandika neno moja: "Nimekunywa." Hilo tulilikata kwa wino mwekundu, na pembeni tukaandika: "Umekunywa nini? Sentensi haijakamilika."

Siku ya pili yake binti huyo alibisha hodi ofisini akiwa na karatasi mkononi. Baada ya shikamoo alisema kwa sauti ya chini: "Samahani Mwalimu, mimi sikusema kwamba nimekunywa kitu. Nilisema nimekunywa wewe." Akatueleza kwamba alilitafuta neno hilo kwenye intaneti kwa sababu hakulipata katika kamusi aliyokuwa nayo, akakuta kuwa maana yake ya kwanza ni kunywa. Akaongeza kwamba kwao rafiki wa kweli huitwa omunywani, yaani mtu mliyenywana. Kwa hiyo aliona neno limefika nyumbani.

Tulibaki kimya. Katika darasa zima ni yeye peke yake aliyekuwa amelifikia neno lile, na ni yeye peke yake tuliyemnyima alama zote.

Makala haya yametokana na kosa hilo. Nia yetu ni kulichunguza neno 'grok': lilitoka wapi, linadai nini kuhusu kuelewa, na je, dai lake linasimama likipimwa kwa maneno tuliyo nayo katika Kiswahili na katika lugha jirani zake? Tunaamini swali hili si la watafsiri peke yao. Kila siku tunasimama mbele ya wanafunzi na kuuliza, "Mmeelewa?", nao hujibu kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu!" Ni vyema tujiulize tunauliza nini hasa.

Neno lililozaliwa riwayani

Maneno mengi ya Kiingereza yanayotaja kuelewa ni ya kale sana. 'Understand' limo katika Kiingereza tangu enzi zake za mwanzo. Watu hupenda kulichambua kama 'kusimama chini ya jambo', lakini wataalamu wengi wa asili za maneno wanaona kwamba 'under' ya zamani, katika neno hili, ina maana ya 'kati ya' au 'miongoni mwa'. Mwenye kuelewa, basi, ni mtu aliyesimama katikati ya jambo. 'Comprehend' lilitoka katika Kilatini, na kiini chake ni kukamata kwa mkono. 'Insight' ni kuona ndani. 'Learn' huhusishwa na mzizi wa kale wenye maana ya kufuata nyayo au mfuo wa njia. Kwa ufupi, Kiingereza kilikuwa na kuelewa kwa miguu, kwa mkono na kwa jicho.

'Grok' ni neno la mdomo. Tena, tofauti na hayo mengine, tunamjua aliyelitunga na mwaka alioutoa hadharani. Mwandishi Mmarekani Robert A. Heinlein (1907–1988) alilitumia katika riwaya yake ya kisayansi iitwayo Stranger in a Strange Land, iliyochapishwa mwaka 1961 na kupata tuzo ya Hugo mwaka 1962. Jina la riwaya limechukuliwa katika Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya pili, pale Musa anapompa mwanawe jina kwa kukumbuka ugeni wake ugenini.

Mhusika mkuu ni Valentine Michael Smith. Wazazi wake walikuwa wanadamu, lakini alizaliwa katika sayari ya Mirihi na kulelewa na viumbe wa huko. Anapoletwa duniani akiwa kijana ana mwili wa binadamu na lugha ya Mirihi. Mirihi ni kukavu. Maji ni uhai wenyewe. Wanaoshiriki maji huwa ndugu, na udugu huo haufunguki. Mapema katika hadithi, muuguzi mmoja anampatia Michael maji na kuyaonja pia yeye mwenyewe. Kwake hiyo ni kazi ya kawaida ya hospitali. Kwa Michael, dada huyo amekwisha kuwa ndugu yake wa maji. Tunaomba msomaji alikumbuke tukio hili, kwa maana tutalirudia.

Katika lugha hiyo ya kubuni, 'grok' maana yake ya msingi ni kunywa. Lakini mwandishi hamwambii msomaji hivyo mapema. Analitumia neno mara kwa mara bila maelezo, na msomaji analikisia kutokana na muktadha, kama mtoto anavyojifunza lugha mapajani mwa bibi yake. Ni baada ya kurasa nyingi ndipo Daktari Mahmoud, mwanaisimu Mwislamu aliyekuwa katika msafara wa Mirihi, anapolieleza. Anasema kwamba neno hili hubeba kunywa, kuelewa, kupenda, hata kuchukia, kwa kuwa huwezi kuchukia barabara kitu usichokielewa hadi ndani. Kwa ufafanuzi wake, 'kugroki' ni kulielewa jambo kiasi kwamba anayetazama na kinachotazamwa havitengani tena.

Hapa inafaa tumpe Heinlein haki yake. Kama walimu wa lugha tunaliona hilo kuwa somo zuri la msamiati. Neno lilitangulia, matumizi yakafuata, na maelezo yakaja mwisho, wakati msomaji alikuwa tayari ana maana yake mwenyewe ya kuisahihisha. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunaandika neno ubaoni, tunaandika maana yake mbele yake, wanafunzi wananakili, kipindi kinakwisha.

Kutoka riwayani hadi kwenye kompyuta

Katika miaka ya 1960 vijana wa Marekani waliokuwa wakipinga desturi za wazee wao waliipenda riwaya hiyo, na neno likatoka nayo mitaani. Baadaye lilipata makao ya kudumu miongoni mwa watunga programu za kompyuta. Kamusi ya misimu yao, iitwayo Jargon File, inalieleza kwa mfano ambao ungemfaa mwalimu yeyote wa lugha. Kwao, kuijua lugha fulani ya kompyuta ni kuweza kuiandika inapohitajika. 'Kuigroki' ni kuwa umeingia katika ulimwengu wake hadi imebadili namna unavyoitazama kazi yenyewe.

Tuweke mtu mahali pa mashine. Yuko mwanafunzi anayejua Kiswahili kwa maana ya kwanza: anazijua ngeli, viambishi anavitaja kwa majina, na insha ya maneno mia tatu anaimaliza. Yuko mwingine, pengine mwenye makosa mengi zaidi katika mtihani, ambaye akisikia methali anacheka kabla hajafasiriwa. Tunawajua wote wawili. Mitihani yetu inamjua wa kwanza tu.

Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya OpenAI walichapisha utafiti ambao ulilipa neno hili maisha mapya. Waliufundisha mtandao mdogo wa kompyuta hesabu za masalio, mfano wa hesabu za saa ambamo baada ya 12 tunarudi 1. Baadhi ya maswali waliuonesha pamoja na majibu yake, mengine waliyaficha. Kwa muda mfupi mtandao ukawa umekariri yote ulioneshwa. Lakini ulipoulizwa yale yaliyofichwa ulikosa vibaya, sawa na mtu anayebahatisha. Watafiti hawakuuzima. Waliuacha uendelee kufanya mazoezi yale yale kwa muda mrefu mno kuliko ule uliohitajika kukariri. Ndipo, baada ya kimya hicho kirefu, ukaanza kuyajibu hata maswali mapya, karibu yote kwa usahihi. Badiliko hilo wakaliita 'grokking'.

Hatusemi kwamba mashine ilielewa kama binadamu aelewavyo. Lakini tofauti iliyoonekana pale ni tofauti tunayoijua darasani: kukariri ni jambo moja, na kuweza kulijibu swali usilopata kuliona ni jambo jingine. Tena jambo la pili lilikuja likiwa limechelewa, wakati ambapo mtazamaji asiye na subira angekuwa ameshafunga daftari na kusema, "Huyu ameishia hapo."

Mwaka uliofuata, 2023, kampuni ya xAI ya Elon Musk ilizindua programu yake ya mazungumzo ya akili mnemba (au akili unde, kama wengine wanavyopendelea) ikaiita Grok. Hapo neno lilifika mbali na glasi ya maji ya Michael. Jina hilo ni dai. Linatangaza kwamba chombo kinaelewa hadi ndani, kabla hatujakiuliza lolote. Wanafunzi wetu wanaotafsiri kwa msaada wa programu za namna hii wanapaswa kujua kwamba jina la chombo si ushahidi wa kazi yake.

'Nimekunywa': kosa la mwalimu

Turudi kwenye karatasi ya binti yule. Kisarufi, sentensi yake haina kasoro yoyote. Vitenzi vyetu vya silabi moja, kama vile -la na -nywa, hubaki na ku- katika nyakati kadhaa ili neno lipate pa kuweka mkazo. Ndiyo maana tunasema ni-me-kunywa, wala hatusemi nimenywa katika Kiswahili sanifu. Lakini kiambishi cha mtendwa kikiingia, ile ku- huondoka: nimeyanywa (maji), nimeinywa (dawa). Na mtendwa akiwa nafsi ya pili umoja, kiambishi chake ni nini? Ni ku- pia. Kwa hiyo "nimekunywa" (nimekunywa kitu) na "nimekunywa" (nimekunywa wewe) ni maneno mawili yenye umbo moja na mkazo mmoja. Hata sikio haliwezi kuyatenganisha. Kinachoyatenganisha ni muktadha, na muktadha tuliutunga sisi wenyewe.

Tulimfundisha kanuni hii katika mwaka wake wa kwanza. Yeye aliitumia, sisi tuliisahau. Tuliona umbo tulilozoea, tukalipa maana tuliyozoea. Kwa lugha ya wale watafiti, sisi ndio tuliokuwa bado tumo katika hatua ya kukariri.

Lililo kubwa zaidi ni lile alilolisema kuhusu omunywani. Katika Runyankore-Rukiga omunywani ni rafiki. Katika Kinyarwanda kunywana ni kufanya agano la urafiki wa damu, na umunywanyi ni rafiki wa chanda na pete. Nchini Burundi neno abanywanyi limepanuka hadi kumaanisha wanachama, hata wa chama cha siasa. Msingi wa yote ni kitenzi kile kile cha Kibantu cha kunywa pamoja na kiambishi cha kutendana, -an-. Zamani watu wawili walichanjana, kila mmoja akaonja damu ya mwenzake, na tangu hapo wakawa wamenywana. Katika Buganda agano la namna hiyo liliitwa omukago, na waliofungamana walitafuna buni zilizopakwa damu zao.

Basi jambo ambalo Heinlein alilitafuta Mirihi lilikuwepo katika Maziwa Makuu kabla yake, likiwa katika lugha za watu halisi, na sarufi yake ikiwa kamili. Hatudai kwamba alilichukua huku. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi wetu hakuhitaji safari ya sayari nyingine. Alihitaji mwalimu asiyemkata kwa wino mwekundu alipoleta darasani kitu cha nyumbani kwao.

Kuelea na kuelewa

Vipi kuhusu wale walioandika "Nimekuelewa"? Je, walikosea? La hasha. Lakini neno lao lina picha nyingine kabisa, na ni picha ambayo wengi wetu tumeacha kuiona.

Elewa limetoka katika elea. Chombo huelea majini. Na jambo likiwa wazi kwa mtu, hasa katika Kiswahili cha pwani, husemwa kwamba limemwelea. "Maneno yako yamenielea," yaani yamenijia juu, nimeyaona, hayakuzama. Mtu ambaye jambo limemwelea ndiye aliyeelewa. Hii ndiyo sababu kitenzi hiki kina -w- kama cha kutendwa, ilhali leo tunakitumia kama kitenzi cha kutenda: nimeelewa somo, nimelielewa. Wanafunzi hutuuliza kila mwaka kwa nini elewa linafanana na pigwa na pendwa. Jibu ndilo hilo. Zamani za neno hili, mtendaji hakuwa mwanafunzi. Lilikuwa ni jambo lenyewe, likiibuka mbele yake. Na eleza ni kulifanya jambo lielee. Mwalimu anayeeleza ni mtu anayeshusha chombo majini.

Na chombo hakielei chenyewe tu. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuliyaona maneno hayo miaka yote kama methali ya kazi na jasho, nayo ni hivyo. Lakini ni methali ya ufundishaji pia. Somo linaloelea mbele ya mwanafunzi limeundwa ubao kwa ubao na mtu aliyekaa usiku kuliandaa.

Maneno mengine tunayo. Fahamu lilitoka katika Kiarabu. Tambua na ng'amua yana mguso wa kugundua kile kilichokuwa kimefichika. Watu husema pia "somo limeniingia", "umenipata?", "ana akili ya kushika". Na katika lugha nyingi za Kibantu kusikia ni kuelewa: Muganda husema anaisikia lugha fulani akiwa na maana kwamba anaielewa, na Kinyarwanda kina kumva linalobeba kusikia, kuhisi na kuelewa kwa pamoja.

Tusisahau neno la wanafunzi wenyewe: kumeza. Katika misimu ya vyuo vya Tanzania, na sasa hata huku kwetu, mtu humeza somo usiku wa kuamkia mtihani, na kesho yake hulitapika kwenye karatasi. Tumelicheka neno hili mara nyingi, lakini ni sahihi kuliko maneno mengi ya wataalamu. Kumeza na kunywa vyote vinapita kooni. Tofauti ni kwamba kilichomezwa bila kutafunwa hukaa tumboni kama kilivyoingia, na kikitoka hutoka vile vile. Maji yaliyonywewa huwezi tena kuyaonesha yalipo. Yamekwisha kuwa mwili.

Tahakiki yetu

Sasa tulihukumu neno lenyewe. Ubora wa 'grok' ni kwamba linakataa kuelewa kwa juu juu. Linamwambia mtu kwamba hajaelewa kama hajabadilika. Dai hili ni kweli, nasi kama walimu tunalihitaji.

Lakini lina kasoro mbili ambazo hatuwezi kuzifumbia macho.

Kwanza, halina shaka. Mwenye 'kugroki' amekwisha kufika. Hakuna aliyemzidi, hakuna cha kumrekebisha. Katika riwaya hili si jambo dogo. Michael ana uwezo wa kumfanya mtu atoweke kabisa duniani, na humfanyia hivyo yule ambaye amemwona kuwa ni mwovu hadi ndani. Watu wawili wanaokuja kumkamata wanatoweka mapema katika hadithi. Hakuna kesi, hakuna rufaa. Kuelewa kwake kunatosha. Mwandishi anatutaka tumwamini kwa kuwa ni mtu mwema. Sisi tuliomkata mwanafunzi kwa wino mwekundu huku tukiwa na uhakika kamili tunaona hatari ilipo. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa na uhakika tu.

Pili, ni neno la mtu mmoja. Mtu anaweza 'kugroki' jiwe, nyasi, adui au lugha ya kompyuta, bila hicho kinachoeleweka kusema lolote. Mtetezi wa riwaya atatujibu kwamba udugu wa maji ni wa watu wawili. Ni kweli, na upo upendo mwingi katika udugu huo. Lakini tukumbuke jinsi ulivyoanza: muuguzi alifungwa katika udugu asioujua. Alionja maji, hakula kiapo. Kitenzi chenyewe hakikumtaka akubali.

Linganisha na kunywana. Kiambishi -an- hakimruhusu mtu mmoja atende peke yake. Mimi nimekunywa na wewe umeninywa; mmoja akikataa, hakuna kilichotendeka. Hali kadhalika kuelewana, ambako kwetu ni zaidi ya kupata maana ya maneno ya mwenzako. Majirani wanaoelewana ni majirani wanaoishi kwa amani. Waliogombana hutafuta maelewano. Kiswahili, kwa silabi moja tu, kimelichukua jambo la akilini na kulifanya jambo la ujirani. Kusikilizana nako ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo uamuzi wetu ni huu: 'grok' ni neno zuri lililokosa kiambishi kimoja. Lilizaliwa katika lugha ambayo haikuwa na wasemaji, likaingia katika Kiingereza likiwa pweke, na likaishia kuwa jina la biashara. Si ajabu likaelekea kwenye umiliki: nimekuelewa, basi nimekumaliza.

Tulitafsiri vipi?

Wenzetu wa kozi ya tafsiri watataka jibu. "Nimekuelewa" linafaa pale ambapo neno limetumika kwa wepesi, kama watunga programu wanavyolitumia katika mazungumzo. "Nimekugroki" ni kukubali kwamba hatuna la kusema, na katika riwaya lingeweza kusimama kwa sababu neno ni geni hata kwa Waingereza. Lakini linalifunga tone la maji lililomo ndani. "Nimekunywa" linalifungua tone hilo, na utata wake wa umbo ni faida: msomaji atajiuliza kidogo, kama msomaji wa Heinlein alivyojiuliza. Mtafsiri ahakikishe tu kwamba maji yametajwa karibu.

Na pale ambapo wawili wamekubaliana kwa hiari, tunapendekeza "tumenywana". Tunajua kwamba kunywana kwa maana hii si neno la Kiswahili sanifu. Ikulu pia halikuwa, hadi lilipotoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Kiswahili kimekua kwa kukopa kwa jirani, na nchi zilizo pembezoni mwa pwani hazikuzaliwa ziwe za kupokea tu. Lugha inayotaka kuwa ya Afrika Mashariki yote haina budi kunywa pia kutoka katika visima vya Ankole, Rwanda na Burundi.

Hitimisho

Uganda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watakaohitajika ni wengi, na baadhi yao wameketi katika madarasa yetu hivi sasa. Tunaweza kuwapa Kiswahili cha kumeza: majedwali ya ngeli, orodha za methali na maana zake, majibu ya mitihani ya miaka iliyopita. Watakwenda nacho na kukitapika mbele ya watoto, na watoto nao watakimeza.

Tukumbuke pia kwamba wazee wengi wa nchi hii walikutana na Kiswahili kikiwa ni lugha ya amri, kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Lugha ya amri humezwa; hainywewi pamoja. Kama tunataka kiwe lugha ya maelewano, hatuna budi kumruhusu anayejifunza alete cha kwake, nasi tukionje. Mwanafunzi anayeleta omunywani darasani anatupatia bilauri. Mwalimu anaweza kuipokea au kuimwaga.

Tunawashauri walimu wenzetu mambo mawili. Swali la "Mmeelewa?" tulipunguze, badala yake tuwape wanafunzi jambo ambalo hawajapata kuliona, tuone kama litawaelea. Na kabla ya kukata jibu lolote kwa wino mwekundu, tumwulize mwenyewe alikuwa na maana gani. Wakati mwingine sentensi tunayoiona haijakamilika imekamilika zamani, ila sisi ndio hatumo ndani yake.

Alama za binti yule tumezirudisha zote. Zile za aliyeandika "Nimekugroki" tumeziacha nusu vile vile, naye amekubali.